Miguu isiyosikia: kisa cha fundi wa Katuba na mashine mpya

Kidole kilichochomwa ni cha shahada, mkono wa kushoto. Sindano iliingia kando ya ukucha, ikavunjikia humo humo. Ilikuwa wiki ya pili ya Agosti, msimu ambao mafundi wa Lubumbashi, huku Kongo, hawalali, kwa sababu shule zinafunguliwa mwanzoni mwa Septemba na kila mtoto anataka shati jeupe na sketi au suruali ya bluu. Mama Mukubwa, dada mkubwa wa mama yangu, anashona sare hizo Katuba, mtaa mmojawapo wa mji huo, tangu kabla sijazaliwa. Hakuna aliyewahi kumwona akijichoma namna ile.

Amekubali niandike kisa chake kwa sharti moja, nisitaje umri wake kamili. Basi ana miaka 70 kasoro kidogo.

Mimi nilisomea saikolojia na ninafundisha, kwa hiyo jamaa waliponiita hawakuniita kama mtoto wa nyumbani tu. Walitaka niuwekee muhuri uamuzi waliokwisha kuufikia. Mashtaka yalikuwa matatu. La kwanza ni mashine ya umeme aliyonunuliwa mwezi wa Julai: ameshavunja sindano kadiri apendavyo, ameharibu sketi kumi na mbili, sasa na kidole. La pili ni kusahau: amempa mama mmoja sketi za mtoto wa mwingine. La tatu, ndilo lililowauma zaidi, ni pesa. Mtu asiyemjua alimpigia simu akisema amemtumia pesa kimakosa, naye akazirudisha kutoka kwenye akiba yake mwenyewe, dola 180. Hakuna pesa yoyote iliyokuwa imeingia.

Yaya wetu, yaani ndugu yetu mkubwa, wa Kolwezi, ambaye ndiye aliyeinunua ile mashine, alikata shauri kwa niaba ya wote: "Kichwa ya mama imechoka. Tufunge atelye, akuye kukaa kwangu, apumuzike." Jirani mmoja alikuwa ameanza minong'ono ya namna nyingine, ile inayowafuata wazee wengi huku kwetu wanapobadilika ghafla. Hiyo siiandiki.

Niliomba nikae kwanza kwenye atelye nitazame. Nilikaa Jumamosi tatu, juu ya kibao karibu na mlango, nikijifanya nasahihisha mitihani.

Atelye yake ya kushonea ni chumba kimoja chenye dirisha linalotazama barabara. Miaka yote mashine ya kukanyaga ilikaa chini ya dirisha hilo, ile nyeusi yenye gurudumu kubwa la chuma na mkanda wa ngozi. Asiyeijua ajue jinsi inavyofanya kazi, maana kisa chote kimejificha hapo. Nyayo zote mbili hukaa juu ya bamba la chuma na kulibembeza, kisigino na vidole, kisigino na vidole, bila kukoma. Mkono wa kulia huanzisha mshono kwa kuvuta gurudumu dogo la juu kuelekea kifuani, kwani likianza upande mwingine uzi hukatika. Kusimamisha, miguu hutulia na mkono ule ule hushika gurudumu. Kasi yote hutoka miguuni: ukitaka polepole, unakanyaga polepole.

Mashine mpya ni ya kiwandani, yenye mota kubwa chini ya meza. Pedali yake inafanana na lile bamba kwa macho tu. Ukibonyeza kwa vidole, mota inashika na sindano inatimka, mishono elfu kadhaa kwa dakika. Ukibonyeza kwa kisigino, ni breki. Sasa mweke hapo mtu aliyebembeza nyayo zake kwa zaidi ya miaka 40. Kila mbembeo ni amri mbili zinazogombana: kimbia, simama, kimbia, simama. Na mkono wa kulia, ambao ungepaswa kuongoza kitambaa, unaruka kwenda kwenye gurudumu kila anapoanza mshono, ukiuachia wa kushoto kazi yote karibu na sindano. Nilipoona hivyo mara ya nne mfululizo, kile kidole kilinieleweka.

Mwenyewe alikuwa ameshalisema jambo hili, ila hakuna aliyemsikiliza. "Hii miguu haisikii, mutoto yangu. Minaambia simama, yenyewe inakimbia." Jamaa walilipokea neno hilo kama dalili kwamba ubongo umeisha. Mimi nalipokea kama maelezo sahihi, mafupi kuliko yale ninayowapa wanafunzi wangu kwa saa mbili.

Miguu kweli ina wa kumsikiliza wake. Mwaka 1953 huko Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili kutuliza kifafa kilichomsumbua. Daktari aliondoa sehemu kubwa ya hipokampasi, kushoto na kulia, na tangu siku hiyo Molaison hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya ya mambo yaliyompata. Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo peke yake. Kwa siku tatu mkono ulizidi kuwa hodari, na kila siku kwake ilikuwa kazi asiyowahi kuiona. Mkono ulikuwa unajifunza bila mwenyewe kupewa habari. Ujuzi wa namna hiyo hutunzwa kwingine, kwenye viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo, hasa striatamu, vikisaidiana na ubongo mdogo wa kisogoni. Ann Graybiel na wenzake walipowapima panya waliokuwa wakijifunza njia, waliona chembe za striatamu zikifanya kazi safari nzima siku za mwanzo. Njia ilipokwisha kuzoeleka, zilichangamka mwanzo na mwisho, na katikati pakawa kimya. Zoea likishaiva hufungwa kama mzigo mmoja. Likianza, linakwenda mpaka mwisho bila kuomba ruhusa, na linaloamua yote ni ile alama ya kulianzisha.

Hapo ndipo nilipotazama dirisha.

Yaya alikuwa ameiweka mashine mpya palepale pa zamani, chini ya dirisha, kwa heshima. Ile ya kukanyaga ilisukumwa kwenye kona na kufunikwa shuka. Kigoda kilikuwa kile kile, mwanga ule ule wa kushoto, mkasi kwenye msumari ule ule. Kila kitu kilichoiambia miguu "anza" kwa miaka 40 kilikuwa bado kinaiambia. Kulizuia zoea lililokwisha kuamka ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, na hiyo ni mojawapo ya sehemu zinazopungua mapema tunapozeeka. Aprenti wake, binti wa miaka 19 anayejifunza kazi, aliizoea mashine ile kwa wiki moja, na kila mtu alimtolea mfano. Lakini yule binti hakuwa na la kuzuia. Miguu yake haikuwa na historia.

Kuna la pili nililoliona, nalo linahusu macho. Kwenye mashine ya zamani jicho la Mama Mukubwa halitazami sindano hata kidogo. Linatangulia, vidole vitatu au vinne mbele, likisoma kitambaa kinachokuja. Mwaka 1984 Timothy Salthouse aliwapima wapiga taipu wenye miaka 19 hadi 72. Wazee walikuwa wazito kwenye vipimo vya wepesi wa kuitikia, lakini kwenye taipu walikwenda sawa na vijana, kwa sababu macho yao yalisoma mbele zaidi ya pale vidole vilipofika. Alipowafunika maneno ya mbele, faida ile ikatoweka. Wepesi huanza kupungua mapema, watu wakiwa bado vijana. Fundi hulipa deni hilo kwa kuona mbali. Ile mota ilimfunika Mama Mukubwa maneno ya mbele. Kitambaa kilimfikia kabla jicho halijakisoma.

Kwa ujuzi wote huo niliokuwa nao, nilianza kwa kukosea. Nilimchorea pedali kwenye karatasi, nikamweleza vidole na kisigino, kisha nikamwambia ajaribu na mimi nimsahihishe, kama tunavyofanya darasani. Saa moja, sindano nne. Kila kosa alilolifanya lilikuwa pia zoezi la kosa hilo. Nilipaswa kukumbuka Alan Baddeley na Barbara Wilson, ambao mwaka 1994 walionyesha kwamba watu walioharibika kumbukumbu hujifunza vizuri zaidi wakizuiwa kukosea tangu mwanzo kuliko wakiachwa kubahatisha. Mtu asiyeweza kukumbuka vizuri kwamba jana alikosea, kosa la jana humrudia leo likijifanya ndilo jibu. Mama Mukubwa hajaharibika kumbukumbu kama wale, ila kwa kazi ya miguu alikuwa karibu nao kuliko alivyokuwa karibu na aprenti.

Jumapili baada ya misa, mimi na aprenti tulihamisha vitu. Mashine ya kukanyaga ilirudi chini ya dirisha. Ya umeme tuliipeleka ukuta wa ndani, mwanga ukitoka taa ya juu, na badala ya kigoda tukaweka kiti cha plastiki chenye mgongo. Chini ya pedali fundi seremala wa jirani aliweka kipande cha mbao ili isiweze kushuka zaidi ya kidogo. Mguu wa kushoto tuliuondoa kabisa: ulikaa sakafuni, bila kiatu, autambue ubaridi wa saruji. Upande wa kulia wa sindano tulibandika utepe mwekundu, makao ya mkono wa kulia. Nyuzi tukazitoa. Kwa wiki tatu za kwanza alishona daftari kuukuu za wanafunzi, sindano tupu ikitoboa juu ya mistari, dakika 20 asubuhi kabla wateja hawajaja na dakika 20 jioni. Sare za msimu zilishonwa dirishani, kwa miguu, kama kila mwaka.

Yaya alipiga simu kila Jumapili. Yeye alitaka matokeo kwa wiki mbili, pesa yake imelala. Nilimwambia kuhusu Phillippa Lally wa London, aliyefuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea dogo la kila siku, mathalani kunywa maji au kutembea baada ya mlo. Mtu wa katikati yao alihitaji siku 66 mpaka zoea likomae. Wepesi walichukua siku 18, na kwa wengine hesabu ilifika siku 254. Utafiti ule ulitoka mwaka 2010 na wengi wa washiriki walikuwa vijana, tena wakijifunza jambo jipya lisilogombana na la zamani. Akanyamaza, kisha akauliza kama kiti cha plastiki kinatosha au atume kingine.

Mama Mukubwa nilimsimulia habari nyingine, ya Denise Park huko Dallas. Aliwapa watu wa miaka 60 hadi 90 kazi ngumu ya kujifunza, saa 15 hivi kwa wiki kwa miezi mitatu: wengine kupiga picha za kidijitali, wengine kuunga vipande vya vitambaa kuwa blanketi, wengine yote mawili. Waliojifunza kitu kigumu kumbukumbu zao ziliboreka kuliko waliokutana tu kupiga soga na kutembea. Alinitazama juu ya miwani. "Bazungu banaenda masomo ya kushona juu ya kutafuta akili?" Aprenti alicheka mpaka akaangusha pini.

Shtaka la kusahau halikunichukua muda. Mama Mukubwa hajawahi kuandika jina la mteja. Nguo zilining'inia ukutani, naye akimwona mtu mlangoni anakwenda moja kwa moja kwenye nguo yake. Mwezi wa Julai aprenti, kwa usafi wake, alianza kuzikunja na kuzitia kwenye mifuko myeusi ya plastiki, yote ikifanana. Fergus Craik alieleza tangu mwaka 1986 kwamba kinachodhoofika zaidi kwa uzee ni kuchimbua kumbukumbu bila msaada wowote. Kutambua kitu kilicho mbele ya macho hubaki imara zaidi. Ile mifuko ilikuwa imemwondolea ukuta wake. Tulizitundika nguo tena, kila moja na karatasi ya jina kwa pini, na tangu hapo hakuna sketi iliyopotea njia. Sisemi kwamba hana kinachosahaulika. Nitarudi hapo.

Suala la pesa ni zito zaidi. Mama huyu si mjinga wa biashara. Hagusi kitambaa cha mtu bila avansi, malipo ya awali. Kwenye soko la Kenya, mtaa mwingine wa hapa Lubumbashi, nimemwona akikataa kitenge cha wax cha bandia kwa kukigeuza upande wa nyuma tu, kabla muuzaji hajamaliza kusifu. Maamuzi hayo yanasimama juu ya ujuzi uliolundikana, na ujuzi wa namna hiyo huendelea kukua mpaka uzeeni. Basi yule wa simu alimpitia wapi?

Nilimwomba anisimulie dakika kwa dakika. Ilikuwa saa nne asubuhi, wateja wawili wamekaa, mshono uko nusu. Ujumbe wa uongo uliingia kwanza, kisha simu ikalia. Mtu alilia, akamwita Mama, akasema pesa zile ni za mtoto aliyelazwa. Hakukata simu hata mara moja: "Mama, usikate, minabakia hapa." Simu ya Mama Mukubwa ni ndogo, ya vitufe, huwezi kutazama salio huku unaongea. Akawa na sauti sikioni, namba ya kuandika, namba ya siri ya kukumbuka, wateja wanaomtazama, na mtoto mgonjwa kichwani. Ile meza ndogo ya akili ambapo tunaweka mambo ya sasa hivi hupungua upana kadiri miaka inavyokwenda, na mwizi aliijaza makusudi. Ujuzi wake wa soko haukupata nafasi ya kukaa.

Wenzangu wa taaluma wangetaja hapa kazi ya Shelley Taylor na wenzake huko Los Angeles, mwaka 2012. Wazee na vijana walionyeshwa picha za nyuso. Nyuso zilizowatia vijana shaka, wazee waliziamini zaidi, na insula, sehemu ya ubongo inayohusika na ile hisia ya tumboni kwamba hapa si salama, ilichangamka kwao kidogo tu. Nakubali matokeo hayo, ila nayatumia kwa uangalifu. Kwenye simu hapakuwa na uso. Tena mdogo wangu, mwanafunzi wa miaka 24, alipoteza pesa kwa ujanja uleule mwaka huohuo. Kwake haukuitishwa mkutano wa jamaa, wala hakuna aliyesema kichwa kimechoka.

Kwa kuwa tatizo lilikuwa haraka, nilitaka uamuzi ufanyike kabla ya simu kulia, kisha ugeuzwe kuwa zoea. Peter Gollwitzer anajulikana kwa wazo hilo: mtu akijipangia "likitokea hili, nitafanya lile," hutekeleza kuliko aliyejiahidi kwa jumla kuwa mwangalifu. Tulichagua maneno yake mwenyewe: "Nikisikia pesa, minakata." Anakata, anamaliza mshono, ndipo anampa aprenti simu atazame salio. Nilimpigia kwa mazoezi mara nyingi, kwa namba tofauti na sauti tofauti. Nimewahi kuwa padri, wakala na shemeji wa Likasi. Mara tatu za kwanza aliniacha nizungumze, kwa sababu kumkatia mtu simu kwake ni ukosefu wa adabu. Hilo ndilo lililokuwa gumu, kuliko kumbukumbu. Tulikubaliana aseme kwanza "unisamehe."

Katikati ya haya yote nilimpeleka kwa daktari, na ilipaswa kuwa hatua ya kwanza. Msukumo wa damu ulikuwa juu, wala hakujua. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho aliyeanza. Hayo mawili, msukumo wa damu na kutoona vizuri kusikotibiwa, yamo kwenye orodha ya mambo 14 ambayo tume ya jarida la Lancet iliyataja mwaka 2024, ikikadiria kwamba kuyashughulikia yote kungeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya visa vya demensia, ule ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na akili, duniani. Sasa anameza dawa kila asubuhi, chupa imewekwa ndani ya kopo la vifungo, kwa sababu hakuna siku asiyolifungua.

Kwenye daftari langu pia kuna tarehe mbili ambazo sipendi kuzitazama. Siku hizo aliniuliza swali moja mara mbili ndani ya saa moja, bila kujua kwamba amekwisha kuuliza. Tumepanga vipimo vya kumbukumbu virudiwe kila baada ya miezi sita, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, na daktari yuleyule.

Kuhusu mashine, wiki ya sita alishona sketi ya kwanza nzima kwa ile ya umeme, kwenye ukuta wa ndani. Kile kipande cha mbao bado kipo, na hataki kitolewe. Mishono mirefu anaifanya kwa umeme, kola na vifungo anarudi dirishani, na anapobadili kiti miguu nayo inabadilika. Umeme ukikatika, jambo ambalo Katuba halihitaji maelezo, yeye anahamia dirishani na kuendelea, na ni aprenti anayebaki amekunja mikono.

Mwezi wa Desemba nilimpigia kwa namba yangu ya kawaida, nikiwa kweli na pesa za Noeli za kumtumia. Nilisalimu, nikauliza habari za nyumbani, nikataja pesa. Akasema unisamehe, simu ikakatika. Nilipiga tena mara mbili. Mwishowe ilibidi nimpigie aprenti.